Maziwa Kibiti, Mtoto Mtoni

Sista wa kliniki ya watoto ndiye aliyenichokoza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi namwambia mama mmoja, asiyenijua wala nisiyemjua, kwamba asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya tumbo, na sauti yangu kama kawaida ilikuwa imefika mpaka dirishani. Sista akatoka akasema, "Mama Mwanaidi, maneno hayo unayowapigia wenzako kelele kila mwezi, si uyaandike tu? Uchoke mara moja." Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba. Akasema darasa la saba linatosha kueleza lililompata mtu.

Basi naandika. Ukitaka mambo ya udaktari, waulize madaktari, wako na hawaumi. Mimi nina habari za kungoja. Niliugua tumbo wakati wa masika, nikakaa Kibiti mpaka mpunga ukaiva, na muda wote huo mwanangu wa miezi saba alikuwa upande wa pili wa maji, ndani ya delta, ananyweshwa uji na bibi yake. Nimezaa mara moja tu, baada ya kungoja miaka sita. Sikuwa nimemshiba hata kidogo.

Kwetu unafika kwa boti ya mashine kutoka Nyamisati, na ukishuka bado una kutembea. Wakati wa kilimo tunahamia shambani, kwenye dungu, yaani kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu kwa nguzo, mto ukifurika upite chini yetu. Mimi, mume wangu Shabani, mtoto Mwanaidi na mama mkwe wangu Bi Zena, wote tulikuwa dunguni mwaka huo.

Na maji kwetu tunayapima kwa ulimi. Bahari ikijaa inapanda mtoni, maji yanakuwa ya chumvi. Ikipwa, maji ya juu yanashuka, na hapo ndipo ndoo zinapojazwa upesi kabla hayajageuka. Kila nyumba ina mtu wake wa kuonja. Nilipoolewa, Bi Zena alinishika mkono hadi ukingoni akanionjesha mara tatu kwa saa tofauti, akaniuliza ya saa ngapi ndiyo ya kuteka. Nikapata. Akasema, "Ulimi huu utainywesha nyumba." Baada ya miaka miwili majirani walikuwa wananiita niwaonjee yao. Nilikuwa na majivuno, sikatai.

Kosa letu lilikuwa hilo hilo. Maji yasiyo na chumvi tuliyaita mazuri, basi. Hatukujiuliza yale yanayoshuka kutoka juu yamepita vijiji vingapi, wala vyoo vingapi vimezolewa na mafuriko. Wakati wa masika mto unakuwa na nguvu, chumvi haisogei kabisa, maji ni matamu kutwa. Ndiyo siku tunazokunywa bila hofu.

Bwana afya alipita akatugawia vidonge vya dawa ya maji, vya kutia kwenye ndoo. Nilitia kimoja, nikaonja, nikatema. Vilivyobaki nikavimwaga kwenye beseni nililorowekea kanzu ya Shabani. Ijumaa hiyo alitakata msikitini mpaka watu wakamuuliza anatumia sabuni gani. Cheka tu. Na mimi nimeshacheka, ila ilichukua muda.

Nilishikwa na tumbo asubuhi, mpunga ukiwa umefika magotini. Mara ya kwanza nilidhani ni kiporo cha samaki. Mara ya tano nilishindwa kupanda ngazi ya dungu, nikalala pale pale chini kwenye matope, mtoto kifuani. Kilichokuwa kinatoka hakikuwa choo tena, kilikuwa kama maji uliyooshea mchele. Shabani akakimbia kutafuta boti. Bi Zena akashuka, akaninawisha, akanifunga kanga mbili, alifanya yote kwa upole mkubwa. Kisha akainama akamchomoa Mwanaidi kifuani pangu. Mtoto alikuwa hajamaliza. Midomo yake iliendelea kunyonya hewa.

"Mpe amalizie, mama," nikasema.

"Maziwa ya mtu anayeharisha hayanyonywi," akasema Bi Zena. "Nenda ukatibiwe, mwanangu. Huyu niachie mie."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na wanaonijua watakwambia hilo peke yake lilikuwa dalili mbaya.

Safari siikumbuki vizuri. Nakumbuka Nyamisati nilipandishwa kwenye gari, na kwamba Shabani alikuwa ananiita jina langu, Mwanaisha, Mwanaisha, jina ambalo hajaliita tangu tumzae Mwanaidi. Hospitali walinilaza kwenye kitanda kilichotobolewa tundu katikati, na ndoo chini yake. Wewe unayekwenda kulala kwenye kitanda hicho, nakuambia mapema: aibu inakwisha siku ya kwanza. Ukishaona mama mzima jirani yako, mwenye heshima zake, analia kwa sababu ndoo yake imejaa, unajua hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nilihesabu siku kwa dripu. Ya kwanza mpaka ya sita sikuziona, niliambiwa. Vidole vyangu vilikuwa vimesinyaa kama vya mtu aliyefua kutwa, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Sauti ilipotea kabisa. Shabani alisema baadaye kwamba hakuogopa macho yangu yaliyozama, aliogopa ule ukimya. Alizoea kukimbia mdomo wangu, leo anauinamia kuutegea sikio.

Siku ya tatu nilikaa. Na siku hiyo hiyo maziwa yakarudi. Yalikuwa yamekauka pamoja na mimi, lakini dripu ziliponijaza na yenyewe yalijaa, matiti yakawa magumu, yanauma mpaka kwapani. Kitanda cha mlangoni kulikuwa na kichanga. Kikilia, kanga yangu inalowa mbele. Mwili haujui mtoto wa nani analia. Nilijifunika shuka nikalia kwa sauti iliyokuwa haitoki.

Sista wa wodi yetu alikuwa anaitwa Upendo, mtu wa Njombe, mfupi, mwepesi wa miguu. Aliniona. Akaniuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, mbali, majini. Akamwita Shabani dirishani wakaongea, mimi sikusikia. Kisha akarudi kwangu akanifundisha kukamua kwa mkono, kwenye kikombe. "Kila baada ya saa tatu," akasema. "Usipoyatoa, mwili utafikiri hayatakiwi."

Shabani akaondoka siku hiyo. Nikajua amekwenda kumleta. Siku mbili nilikuwa naangalia mlango. Kila aliyeingia amebeba kitu kifuani nilikaa wima. Siku ya tatu akaja, amebeba muhogo wa kuchemsha ndani ya kitambaa.

"Mto umefurika vibaya," akasema. "Halafu mama kasema mtoto ana mafua, tusimpitishe kwenye upepo wa majini."

Nikaamini. Mume ukishamwamini kwa miaka sita unamwamini na wa saba.

Kipindupindu kiliisha ndani ya juma, Mungu apewe shukrani. Wengi wa wodi ile walifunga virago wakaenda zao. Mimi tumbo halikufunga. Halikuwa tena lile la kumwaga, lilikuwa la kidogo kidogo, mara nane, mara kumi kwa siku, na kila nikila nahisi chakula kinapita tu kama mgeni asiyetaka kukaa. Walinipa dawa ya siku tano. Ilipokwisha nilikuwa vile vile, ila mwembamba zaidi. Pete ya ndoa ilianguka bafuni, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Wakaniruhusu nikalale kwa shangazi yangu, anayeishi Kibiti mjini nyuma ya soko, niwe nakwenda hospitali kila baada ya siku tatu na kikopo changu.

Benchi la maabara nalijua kuliko jamvi la nyumbani kwangu. Linaanza kujaa saa moja asubuhi. Ukiwa na tumbo kama langu, foleni ni adhabu, maana ukinyanyuka kwenda chooni umepoteza zamu. Hapo nilimpata Bi Asha, mama wa makamo kutoka Ruaruke, aliyekuwa anamleta mumewe kwa vipimo vya damu. Siku ya kwanza tu aliniona nikikunja uso, akaweka mkoba wake penye nafasi yangu. "Kimbia, mwanangu," akasema. "Huyu mkoba ndiye weye." Aliufanyia hivyo mkoba wake kwa majuma mawili, na alipogombezwa na watu aliwajibu kwamba mkoba nao unaumwa. Mema ya namna hiyo huwezi kuyalipa, unayasema tu.

Kwa shangazi niliendelea kukamua. Kila saa tatu, nimekaa nyuma ya nyumba, kikombe mapajani. Maziwa nilikuwa nayamwaga kwenye shina la mpapai, maana hakuna wa kumpa. Shangazi alinitania, "Mpapai huu siku moja utakuita mama." Nilicheka naye. Akishaingia ndani nilikuwa nakishika kikombe kile kwanza, kina joto bado, halafu ndipo nakimwaga. Mwanzo kilikuwa kinafika nusu. Baadaye robo. Baadaye kikawa kinalowa chini tu.

Simu kule dunguni inashika ukisimama kwenye kidato cha juu cha ngazi. Shabani alikuwa anapiga jioni akirudi kutoka kufukuza ngedere shambani. Namwambia, "Mweke mtoto kwenye simu." Nasikia pumzi, nasikia ba-ba-ba, na maziwa yale machache yanachuruzika yenyewe, kabla hata sijasema neno. Siku moja simu ikashikwa na Bi Zena.

"Usijisumbue kumkumbuka kwa ziwa," akasema. "Nimempikia ubwabwa wa nazi, nimemsomea dua, nimemfunga uzi kiunoni. Keshaachishwa."

"Ana miezi minane, mama!"

"Na mzima. Si ndiyo unalotaka?"

Simu ikakatika, au alishuka ngazi, sijui.

Kesho yake nilikwenda maabara nikiwa sina adabu hata ya kukopa. Mtaalamu wa pale, bwana mmoja mwenye miwani, kwao Mbeya, aliponipa kikopo cha nne nikamwuliza mbele za watu, "Mnakitafuta nini humo siku zote? Si mseme kama mmekipoteza?" Watu wakacheka. Yeye hakukasirika. Akaniita pembeni ya dirisha akasema ameshakiona. Akakitaja kwa jina refu, sikulishika.

"Wadudu wengi wanapita tumboni, mama, wanakwenda na njia," akasema. "Wako hawapiti. Wana vinyuzi vidogo, wanavitumia kujishikiza kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Wakishashika, wanakaribishana, wanapangana juu ya ukuta, na chakula chako hakipati pa kuingilia mwilini. Ndiyo maana unakula na unakonda."

"Kama chaza kwenye mizizi ya mikoko," nikasema.

"Chaza siwajui. Sisi kwetu kuna viazi."

Nikamweleza chaza wanavyong'ang'ania mzizi mpaka uwabandue kwa panga. Akasema ndiyo, hivyo hivyo, na dawa waliyonipa mwanzo haiwaogopeshi, itabidi nyingine. Alikuwa na muda siku hiyo, nami nilikuwa na uchungu wangu, nikamwuliza lile lililonileta kweli. Nikamwuliza kama maziwa yangu yana wadudu hao.

Akavua miwani. "Nani kakwambia hivyo? Wadudu hawa wanaingia kwa mdomo, kwa maji na kwa mikono. Kwenye maziwa hawamo. Tena maziwa ya mama yana vitu vinavyofanana na pale ukutani wanapopenda kushika. Wakiingia tumboni kwa mtoto wanayashika maziwa wakidhani ndio ukuta, wanatoka nayo. Si kinga ya kila kitu, lakini hakuna kinga bora kwa mtoto mdogo. Wewe umekunywa maji ya mto ule ule ukaugua, mtoto mzima, unafikiri alisalimika kwa bahati?"

Nilirudi kwa shangazi nikitembea haraka, ingawa miguu haikuwa na nguvu. Nilikuwa na furaha na hasira, vyote kwa mkupuo mmoja. Maneno yale niliyakariri njia nzima, kila neno, nimpelekee Bi Zena kama mtu anayepeleka hati mahakamani.

Hasira ikaongezewa mafuta Alhamisi ya juma hilo. Nilikutana na Sista Upendo koridoni, akaniuliza mtoto anaendeleaje kunyonya. Nikamwambia hayupo, hajaletwa. Akashangaa. "Mama, mimi mumeo nilimwambia mara mbili. Nilimwambia amlete, unawe mikono, unyonyeshe hapa hapa. Akaniitikia."

Shabani alipokuja nilimkalisha kwenye benchi lile lile la maabara. Sitaandika yote niliyomwambia. Aliyapokea ameinamia ndala zake. Mwisho nikamwuliza, "Mto ulifurika?"

"Ulifurika. Lakini ulikuwa unapitika."

"Mafua?"

"Hakuwa nayo."

"Kwa nini, Baba Mwanaidi?"

"Nilimwambia mama nimekuja kumchukua mtoto. Akamkumbatia, akalia. Mwanaisha, mie mama yangu sijamwona analia hata alipokufa baba. Nikashindwa kumnyang'anya."

Nikamwambia basi angeshindwa na mimi pia, maana mimi nalia kila saa tatu. Nikaitwa jina, nikachukua kikopo changu nikaondoka. Siku zile nilikuwa na hamu na mwanangu kiasi kwamba nilikuwa nikipita sokoni nanusa vichwa vya watoto wa wenzangu. Niliwahi kuombwa nimshikie mtoto wa muuza nyanya kwa dakika moja. Alipotaka kumchukua mikono yangu ilichelewa kumwachia, na yule mama alinitazama vibaya. Alikuwa na haki.

Dawa ya pili ilikuwa ya siku saba, vidonge vikubwa vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Siku ya nne nilienda chooni mara tatu tu. Siku ya saba mara moja. Nikala wali kwa mchicha, nikangoja uniaibishe, haukuniaibisha. Nilimwita shangazi kumwambia, na tuliimba, watu wazima wawili, kwa sababu ya choo kigumu. Vikopo viwili vilivyofuata vilitoka safi. Bwana wa Mbeya alinisalimia kwa mkono, akasema hataki kuniona tena. Masika yalikuwa yamekata. Barabarani watu walishaanza kuanika mpunga wa kwanza.

Niliingia kwenye boti Nyamisati nikiwa na mkoba, chupa ya vidonge vya maji, na maneno yangu niliyoyakariri. Kwenye matiti sikuwa na kitu cha kuonyesha, yalikuwa yamelala kama mifuko mitupu. Sista Upendo alisema yataamka mtoto akinyonya, nisikate tamaa. Nilikuwa naogopa. Sikumwogopa Bi Zena. Nilikuwa namwogopa mtoto.

Na kweli. Nilipanda ngazi ya dungu nikamkuta amekaa jamvini, amenenepa kidogo, ana meno mawili ambayo mimi sikuyaona yakiota. Nikamnyooshea mikono. Akanitazama vile anavyomtazama mtu anayepita na baiskeli. Halafu akageuka, akatambaa kwa bibi yake, akaficha uso begani pake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mama, nimeuliza hospitali. Maziwa yangu—"

Bi Zena akainua mkono. Hakuuinua kwa ukali.

"Najua umekuja na maneno, Mwanaisha. Una haki. Nisikilize mie kwanza, halafu utasema."

Akampakata Mwanaidi vizuri. Akasema kabla ya Shabani alizaa mtoto anaitwa Hamisi. Shabani mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Hamisi alikuwa na miezi minane, masika kama yale, dunguni kama pale. Tumbo la kuendesha likamshika Bi Zena.

"Siku ya kwanza nilimnyonyesha, sijajua kitu," akasema. "Ya pili mama mkwe wangu akanikataza, akasema maziwa yameingiwa na ugonjwa. Nikamwachisha. Alililia ziwa siku mbili, nimelala naye hapo hapo, simpi. Siku ya nne naye akaanza kuharisha. Ya tano tukamzika. Ni yale maziwa ya siku ya kwanza, Mwanaisha. Yale ya kabla sijajua. Mie nimezaa wengine sita na sijapata kumsahau yule. Sasa weye ungekuwa mie, ungemtoa huyu?"

Nilishajua. Nilikuwa nimepiga hesabu wakati anaongea, bila kutaka. Siku mbili mtoto anayelia, hana ziwa, kwenye nyumba ambayo maji yake yanatoka mtoni. Ile hati yangu niliyokuja nayo kutoka Kibiti ingemuua. Nikaimeza.

"Maziwa yangu hayana ugonjwa, mama," nikasema tu. "Mtaalamu wa hospitali kasema."

Bi Zena akamweka Mwanaidi jamvini katikati yetu, akachukua mundu wake. "Mtoto ni wako. Ukitaka kumpa, mpe. Mie siangalii." Akashuka kwenda kuvuna.

Siku nne Mwanaidi hakunitaka. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimvua nguo nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, saa za mchana anaposinzia. Nilimdondoshea uji midomoni juu ya chuchu ili apate sababu ya kukaa. Alinisukuma kwa mikono, aliniuma kwa yale meno mawili. Shabani alikuwa anachemsha maji kwenye mafiga huko chini, vidonge anahesabu mwenyewe, hataki mtu aviguse, na kila mtoto akilia anaacha kuni anainua kichwa. Siku ya tano, adhuhuri, ndege wamejaa shambani na mimi sina habari nao, alishika. Alinyonya mara mbili akaachia, akanitazama usoni kama anayejaribu kukumbuka alikoniona. Halafu akashika tena, na mkono wake ukapanda mpaka kwenye sikio langu, akalivuta kama alivyokuwa analivuta zamani.

Nililia vizuri, kwa sauti. Mwenzangu unayesoma hili uko wodini na titi lako limekauka, lako nalo linaweza kuamka. Langu lilichukua siku tisa mpaka nikaliona tone.

Bi Zena alishika ahadi yake, hakuangalia. Alikuwa akipanda ngazi akitukuta anageuka. Lakini najua alikuwa anahesabu. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Mtoto hakuharisha. Alasiri moja alipanda na mzigo wa mpunga, akautua, na badala ya kugeuka akakaa mbele yetu, miguu ameinyoosha.

"Yule wa hospitali," akasema, "alisema maziwa ya mgonjwa hayamdhuru mtoto?"

"Hayamdhuru, mama. Yanamkinga."

"Hata ya siku ile ile unaendesha?"

"Hata siku ile ile."

Akachambua punje kwenye kanga yake. "Basi Hamisi alipatwa na nini?"

Nilimwomba Mungu anipe uongo mzuri. Sikuupata. Nikasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo, "Maji, mama. Ugonjwa ule uko kwenye maji."

Nilitaka kumpunguzia. Nilitaka kusema si wewe, ni mto. Lakini nikamwona anakunja vidole, kimoja, cha pili, cha tatu, anahesabu siku zile kama nilivyozihesabu mimi. Akakomea kwenye kidole cha tatu.

"Alikuwa analilia ziwa," akasema. "Nikawa nampa maji kwa kijiko. Ili anyamaze."

Nilinyoosha mkono wangu usio na mtoto nikaushika mguu wake. Ilisikika ile sauti ya Mwanaidi ya kumeza. Bi Zena alikuwa anaitazama shingo ya mtoto inavyopanda na kushuka. Alitazama mpaka titi likaisha, mtoto akaliachia, akaanza kulalamika.

Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Mhamishe," akasema. "Mpe na la pili."